Diski Iliyotangulia

Umewahi kusikia hatua za mtu ambaye bado hajafika?

Usijibu haraka. Sisemi panya wa darini wala upepo. Nasema hatua. Buti mbili zinakung'uta theluji kibarazani, tatu kulia, mbili kushoto. Kitasa kinashuka. Kikohozi unachokijua. Unakwenda mlangoni na kikombe mkononi... hakuna mtu. Theluji ya kibarazani haina hata alama ya ndege. Halafu, baada ya dakika kumi, anakuja mwenyewe. Tatu kulia, mbili kushoto, kitasa, kikohozi. Yote upya.

Kwetu Laponia, kaskazini kabisa mwa Ufini, hilo si jambo la kumwitia mtu daktari. Linaitwa etiäinen, yaani mtangulizi. Babu yangu Kalervo alitembea naye maisha yake yote, na bibi yangu Aune hakuwahi kumwogopa. Akimsikia mtangulizi wa babu, anaweka kahawa jikoni. Babu akiingia kwa miguu yake ya kweli, kahawa iko tayari. Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na miwili kwa utaratibu huo, na sijaona mshauri wa ndoa mwenye mpango bora.

Nimeanzia huko ili msije mkasema nimechanganyikiwa kwa kukaa nyumbani. Ndiyo, nakaa nyumbani. Nina shahada ya uzamili ya kompyuta kutoka chuo kikuu cha Oulu, na miaka miwili ya kuandika barua za kuomba kazi. Nimekataliwa na roboti, nimekataliwa na watu, na roboti wana adabu zaidi. Lakini akili yangu ni nzima. Na jambo hili liko kwenye maandishi.

Babu alipofariki, Bibi Aune alihamia Hillamäki, nyumba ya wazee ya pale kijijini kwetu Niskaperä. Chumba namba tisa. Walimvisha bangili yenye kitufe. Ukibonyeza, kengele inalia kwa muuguzi, bangili inafungua sauti, na kila kitu kinaandikwa: saa, chumba, sauti yako, na jina la aliyeitikia.

Tarehe tisa Februari, usiku, Bibi akafariki.

Meneja wa nyumba, Tellervo Sarkkinen, alimshika mama yangu mkono. "Alilala, akapitiliza," alisema. "Hakubonyeza kengele hata mara moja."

Mama aliridhika. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa vitu vya marehemu, na ndani mlikuwa na ile bangili. Kitufe kilikuwa kimepasuka katikati, kimezama ndani kama jino bovu.

Nikaandika barua kuomba orodha ya miito ya usiku ule. Jibu lilikuwa mstari mmoja: chumba namba tisa, hakuna mwito. Nikaomba nione mwenyewe. Mfumo hauruhusu. Nikaomba tena. Mfumo hauruhusu. Miezi kumi. Sikutaka fidia, sikutaka maua. Nilitaka orodha ile tu.

Basi Desemba hii ofisi ya ajira ikanitafutia kile wanachokiita majaribio ya kazi. Unafanya kazi ya mtu, kwa saa za mtu, ila haiitwi kazi. Mahali pa majaribio? Hillamäki. Seva yao ya kengele ilikuwa imegoma tangu dhoruba ikate umeme. Mimi natumia jina la baba, na pale hakuna aliyejisumbua kuuliza mimi ni mjukuu wa nani.

Niliondoka nyumbani saa saba na nusu mchana, tarehe kumi na nne. Msidanganyike na neno mchana. Jua lilikuwa limeaga tangu wiki iliyotangulia. Ule mwanga wa samawati unaobaki ulikuwa tayari unajikunja juu ya misonobari. Begani nilikuwa na mkoba: bisibisi, kompyuta yangu, nyaya, mkate wa mdalasini. Kazi ya kawaida kabisa.

Pale mlangoni nilimkuta mzee amevaa kofia ya masikio ndani ya nyumba, anacheza karata peke yake na kujiibia.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Nilitegemea mwanamume mwenye tumbo."

"Tumbo linakuja. Nalishughulikia."

Akacheka mpaka karata zikamponyoka. Jina lake Eevertti, zamani alikuwa akiswaga magogo mtoni. "Itengeneze hiyo kengele, binti. Juzi nilibonyeza, nikaletewa kimya. Mimi sijazoea kuomba. Ukiona nimebonyeza, ujue nimeshakubali kushindwa."

"Uko chumba gani?"

"Nne. Karibu na choo, mbali na wauguzi. Aliyepanga ana kipaji."

Nikashuka chini.

Seva ilikuwa kwenye chumba kidogo cha orofa ya chini, mlango wa pili kutoka chumba cha baridi ambamo marehemu husubiri gari. Taisto, mlinzi na mtunza jengo, alinifungulia. Mzee wa miaka sitini na kitu, sweta lililoliwa na nondo, funguo kiunoni. Ana mashine yake ya kahawa kwenye kona na haruhusu mtu kuigusa.

"Wamekuleta wewe?" akasema. "Wale wa kusini walitaka wiki tatu."

"Mimi natosha kwa leo, mzee Taisto."

"Hata sijasema hutoshi."

Sasa nisikilizeni, maana hapa pana kitu kidogo cha kuelewa. Kimoja tu. Seva ile ina diski mbili za mtindo wa kioo. Chukulia makarani wawili wanaoandika jambo lile lile, kwa wakati ule ule, kila mmoja kwenye daftari lake. Mmoja akifa, mwingine anaendelea. Kila diski ina hesabu inayopanda kadiri kazi inavyofanyika. Mashine ikiwaka inauliza: nyinyi wawili, hesabu zenu ngapi? Zikilingana, diski zinaungana, kazi inaanza. Zisipolingana, yenye hesabu kubwa ndiyo inayoaminiwa. Iliyobaki nyuma inafutwa na kuandikwa upya, ifanane na mwenzake.

Inafutwa. Shikeni neno hilo.

Nikawasha. Skrini ikaniambia diski ya kwanza ipo, ya pili haipo, na haiwezi kuanza bila mwenzake. Nikafungua daftari la mashine nione ya pili ilianza kuumwa lini.

Haikuumwa. Dakika ile umeme ulipokatika, diski zote mbili zilikuwa zikijibu vizuri. Jana yake zilijibu. Mwezi uliopita zilijibu. Kila siku, tangu mwaka uanze.

Nikavuta kifuniko cha mbele ya seva.

Nafasi ya pili ilikuwa tupu.

Si tupu ya leo. Vumbi lilikuwa limelala humo kama kipande cha blanketi. Buibui alikuwa amejenga, akazeeka, akahama.

"Mzee Taisto," nikasema taratibu. "Diski ya hapa iko wapi?"

Alikuwa anatazama mashine yake ya kahawa kana kwamba imemwita.

"Mzee."

"Niliitoa mwenyewe," akasema. "Februari. Tellervo aliniagiza. Alisema ni nakala tu, nikaitoboe na drili, nitupe."

"Ukaitoboa?"

"Nilitoboa nyingine. Ya kompyuta mbovu. Sikujua kwa nini anataka itobolewe, na mimi nikiambiwa nitoboe kitu bila sababu, mkono unakuwa mzito." Akafungua droo ya meza yake ya zana. Ndani kulikuwa na soksi ya sufu, nzito, imefungwa fundo. "Nikaivika hii."

"Soksi ya nini?"

Taisto akashusha sauti.

"Ilikuwa inazunguka, binti. Ndani ya droo. Bila waya, bila umeme. Usiku na mchana... vuuuu. Ukiweka mkono unaisikia. Nikadhani labda inasikia baridi."

Sikucheka. Nilitaka, lakini sikucheka. Maana harufu ilikuwa imetoka pamoja na soksi ile. Lami ya msonobari na kafuri. Dawa ambayo Bibi Aune alikuwa akijipaka magotini kila jioni ya maisha yake.

Hapo nikaelewa alichokifanya Tellervo, na nikakaa chini.

Angefuta orodha ya Februari wakati diski zote mbili zimo, ingefutika kote kuwili kwa mpigo mmoja. Kioo si nakala. Ukijinyoa mbele ya kioo, hakibaki na ndevu zako. Lakini yeye alidhani ile ya pili ni nakala iliyowekwa kando. Akaogopa nakala. Akaagiza itolewe kwanza, ndipo akafuta kwa raha zake kwenye iliyobaki. Kwa mkono wake mwenyewe aliuokoa usiku wa Bibi na kuuweka ndani ya soksi. Mimi nilisoma miaka sita kuijua tofauti hiyo, na sina kazi. Yeye haijui, na ana ofisi yenye dirisha.

"Mzee Taisto, sikiliza vizuri," nikasema. "Usiichomeke hiyo diski. Imelala miezi kumi, hesabu yake iko nyuma sana. Ikiingia humo mashine itaona imepitwa, itaifuta. Ngoja nitoe waya wangu, niisome pembeni bila kuigusa."

Nikainama kwenye mkoba. Simu ya ukutani ikalia. Taisto akabonyeza kipaza sauti.

"Bado tu?" Sauti ya Tellervo, ya juu, iliyochoka. "Nina wazee ishirini na watatu huku hawana kengele. Huyo msichana anafanya nini?"

"Anatafuta waya," Taisto akasema.

"Waya wa nini? Mashine ikikosa diski inaongezewa diski, inajijaza yenyewe. Fundi wa kusini ameniambia. Chomeka yoyote uliyo nayo, Taisto. Sasa hivi."

Miaka thelathini ya kutii haiulizi kichwa ruhusa.

Klik.

Nikageuka. Diski ilikuwa ndani. Taisto alikuwa ameshika soksi tupu, na uso wake tayari ulikuwa unajua.

"Nimefanya nini?" akanong'ona.

Taa ya kijani ikawaka. Ya pili ikawaka. Skrini ikaandika neno moja: inanakili. Asilimia moja. Mbili. Nne.

Nilirukia kibodi. Simamisha... haikusimama. Nilivuta waya wa umeme kutoka ukutani, ukabaki mkononi mwangu, na mashine ikaendelea. Vuuuu. Tisa. Kumi na tatu. Nilikuwa natazama usiku wa bibi yangu ukifutwa mbele ya macho yangu, na nikasema maneno ambayo Bibi mwenyewe angenipigia kofi.

"Binti," Taisto akasema. "Mshale unakwenda wapi?"

Nikatazama. Pale juu ya skrini kuna mshale mdogo unaoonyesha nani anamwandikia nani. Ungetakiwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

Ulikuwa unatoka ya pili kwenda ya kwanza.

Nikasoma hesabu. Diski iliyobaki kazini usiku na mchana: elfu themanini na nane, mia nne na kumi na mbili.

Diski ya kwenye soksi: elfu themanini na nane, mia nne na kumi na tatu.

Haikuwa nyuma. Ilikuwa imetangulia. Kwa moja.

Kibao cha kengele pale ukutani, ambacho kilikuwa kimekufa tangu dhoruba, kikawaka taa moja. Namba tisa. Namba tisa imefungwa tangu Februari, Taisto ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.

Spika ikakwaruza.

"Kuna mtu hapo?"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Ya upole, yenye aibu kidogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Asilimia thelathini. Taa ikazima, ikawaka.

"Kuna mtu hapo? Samahani kwa usumbufu. Nimeanguka."

Taa. Taa. Taa. Kila diski iliponakili mwito mmoja, mwito ulitoka ukutani. Taisto alikuwa anahesabu kwa vidole. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Sauti ilikuwa inapungua. Samahani zikaisha. Jina la babu likaja, likarudi tena. Kisha pumzi tu. Harufu ya lami ilijaa mpaka machozi yakanitoka, au labda hayakuwa ya lami.

Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

"Zima," Taisto akaninong'oneza. "Zima, binti, kuna watu wamelala pale mlango wa pili."

"Sizimi," nikasema. "Alilia peke yake mara moja. Hatalia peke yake mara ya pili."

Arobaini.

Taa ikawaka ya arobaini na moja. Hakukuwa na neno. Bangili tu ikikwaruza sakafu. Nikasogea mpaka pua yangu ikagusa ile spika, nikasema kwa sauti nzima, si kwa kunong'ona:

"Bibi, nipo."

Taisto akakohoa nyuma yangu. Alikuwa analia.

Taa ikazima. Vuuuu ikatulia polepole. Asilimia mia moja.

Kimya.

Kisha tukazisikia hatua.

Ngazini, juu yetu. Viatu vya kisigino, haraka, na funguo nyingi zikigongana. Zikashuka ngazi zote kumi na nne. Zikasimama mlangoni. Kitasa kikashuka...

Mlango haukufunguka. Nikauvuta mwenyewe. Ngazi tupu. Taa ya ngazini, ile inayojiwasha mtu akipita, ilikuwa imezimika.

Nikatazamana na Taisto. Yeye ni mtu wa Niskaperä, mimi ni mtu wa Niskaperä. Hatukuhitaji kuelezana.

"Hizo ni za Tellervo," akasema, na akajifuta macho kwa ile soksi. "Tuna dakika kumi." Kisha, Mungu ambariki, akaenda kwenye kona kuweka kahawa.

Dakika kumi zinatosha kwa mtu aliyesoma. Orodha ilikuwa imefunguka kwenye skrini, miito arobaini na moja, kuanzia saa tisa na dakika saba usiku hadi saa tisa na dakika hamsini na mbili. Niliipeleka kwa mama. Niliipeleka kwa mkaguzi wa mkoa. Niliipeleka gazetini. Niliipeleka kwa kila roboti aliyewahi kunikataa, kwa sababu nilikuwa na anwani zao zote. Safu ya mwisho, ile ya jina la aliyeitikia, ilikuwa tupu mstari hadi mstari. Ukurasa mzima wa utupu.

Isipokuwa mmoja. Mwito wa arobaini na moja.

Aliyeitikia: Henriikka.

Mimi ndiye Henriikka.

Ngazini, viatu vya kisigino. Haraka. Funguo. Ngazi kumi na nne. Kitasa kikashuka, na safari hii Tellervo Sarkkinen aliingia mzima, amevaa koti juu ya sare. Akasimama. Taisto alimpa kikombe. Kahawa ilikuwa ya moto.

"Mlijuaje kama nakuja?" akasema.

"Tumezoea," Taisto akajibu.

Akaona skrini. Rangi ikamtoka, ila alikuwa mtu mgumu, nampa haki yake. "Futa hiyo," akaniambia. "Uko hapa kwa majaribio. Nikiandika neno moja ofisi ya ajira, posho yako inakatwa mpaka majira ya kuchipua."

"Andika," nikasema. "Jina langu lina k mbili, usikosee. Na mimi ni mjukuu wa Aune."

Akakaa kwenye kiti cha Taisto.

"Usiku ule kulikuwa na muuguzi mmoja," akasema. "Mmoja kwa majengo mawili, na uwanja wa theluji katikati. Alikuwa jengo la pili, hakusikia. Niliomba wauguzi wanne. Unajua bodi ilinipa nini? Bangili. Wakasema bangili hazilali."

"Bangili haikulala. Iliita mara arobaini na moja."

"Yule msichana wa zamu angejua, angejiua."

"Kwa hiyo ukamfuta bibi yangu."

Nikabonyeza mwito wa mwisho, aone kwamba sichezi. Bangili ikikwaruza sakafu. Upepo wa Februari dirishani. Halafu, mbali, kama kutoka chini ya nyumba, sauti: *Bibi, nipo.* Na mwanamume anakohoa.

Kikombe cha Tellervo kikagonga sahani. "Huyo ni nani?"

"Mimi."

"Ulikuwepo? Usiku ule?"

"Nilikuwa Oulu. Nimelala."

Alitazama mlango wa chumba cha baridi, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa kitu kisicho bodi.

Sijui ni nini kilichotokea kwenye diski ile. Nimeisoma mara nyingi tangu siku hiyo. Ni diski ya kawaida, ya kiwanda, ina namba yake. Labda Bibi alisikia, usiku ule, kwamba kuna mtu anakuja ila bado hajafika. Alikuwa mtaalamu wa hilo. Najiambia alisikia. Kuna siku najiamini.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya hilo.

Ni Taisto aliyeona, siku ile ile. Alikuwa ameinama juu ya bega langu na miwani yake iliyofungwa kwa utepe, akashuka na kidole mpaka mwisho kabisa wa orodha, chini ya mambo yote ya miezi kumi. "Binti," akasema. "Diski hii ilikuwa mbele kwa moja. Je, hii moja umeisoma?"

Nikaisoma. Tellervo naye akasimama, akaisoma.

Tarehe kumi na tisa Desemba. Saa tisa na dakika kumi usiku. Chumba namba nne.

Ina sauti. Tumeisikiliza sote watatu. Karata zinamwagika. Kitu kizito kinaanguka. Kisha mtu asiyezoea kuomba anavuta pumzi, na anasema, kwa aibu, "Haya. Nimeshindwa. Kuna mtu?"

Baada ya hapo ni dakika sita za upepo. Nimezisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mlango. Hakuna kiatu. Safu ya mwisho ni tupu.

Mzee Eevertti leo ameniibia mara tatu kwenye karata na ana hamu nzuri ya chakula. Kengele zinafanya kazi, asante, mimi ndiye niliyezitengeneza. Lakini kengele ilifanya kazi Februari pia. Nimetazama ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani: usiku wa kuamkia tarehe kumi na tisa, muuguzi mmoja, majengo mawili. Leo ni tarehe kumi na saba.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi. Wewe Tellervo Sarkkinen, nanyi wajumbe wa bodi mnaotia sahihi ratiba mkiwa mmekaa kwenye joto. Msiniletee barua ya mstari mmoja. Msiniambie mfumo hauruhusu. Mfumo naujua kuliko nyinyi. Mkitaka kunicheka kwa habari ya mtangulizi, nichekeni, nimezoea, ila chekeni huku mnaandika. Hatua zimesikika. Kwetu zikisikika, mtu anaweka kahawa na anabaki macho.

Mwekeni mtu kwenye ukumbi ule. Mtu mwenye miguu, si bangili. Awe mlangoni pa namba nne kabla ya saa tisa.

Safu bado ni tupu. Nataka jina.